Alama Tatu za Grafiti

Madam Wakesho aliisoma skimu mara tatu, na kila alipoirudia hasira zilizidi kumpanda.

"Swali la kumi na nne," ilisema karatasi hiyo ya majibu, kwa Kiingereza chake cha mtihani kisichojua aibu. "Grafiti huacha alama kwenye karatasi kwa sababu vifungo kati ya atomu zake za kaboni ni dhaifu na huvunjika kwa urahisi. Alama tatu."

"Dhaifu?" alisema kwa sauti, hata walimu wa meza ya jirani wakageuka. "Vifungo vya kaboni ndivyo dhaifu? Nani ameandika huu upuzi?"

Kathini, aliyekuwa ameketi mkabala naye, hakuinua macho. Alikuwa amefundisha Taveta kwa miaka kumi na minane, na katika miaka hiyo alikuwa amejifunza kusahihisha huku akitafuna njugu. "Kunywa chai kwanza, Madam," alisema. "Hii ni mock tu."

Mock tu! Hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Walikuwa walimu thelathini katika bwalo la shule moja ya bweni pale Voi, mwezi Julai, upepo ukipitisha vumbi jekundu chini ya milango na kulilaza juu ya karatasi za mtihani wa majaribio wa shule kumi na saba. Kila meza ilikuwa na swali lake au mawili. Karatasi zilianzia meza ya kwanza zikasukumwa mkono hadi mkono, na zilipofika kwa Wakesho na Kathini, meza ya mwisho, maswali mengine yote yalikuwa yamekwisha kusahihishwa na jumla kuandikwa kwenye jalada kwa penseli. Lilibaki la kumi na nne peke yake. Skimu ilikuwa imepitishwa jana yake, Jumatatu, Wakesho akiwa Wundanyi kwenye mazishi ya shangazi yake. Alipofika Jumanne asubuhi, akakuta watu wazima thelathini wamekubaliana kwamba uongo ni ukweli, na wanakunywa chai.

Kwa sababu ulikuwa uongo, na uongo wa kitoto. Ndani ya grafiti, kaboni zimepangika tabaka kwa tabaka. Katika tabaka moja, kaboni na kaboni zimeshikana kwa kifungo kikali kuliko hata kile kilichomo ndani ya almasi. Almasi yenyewe! Lakini kati ya tabaka na tabaka hakuna kifungo cha namna hiyo. Kuna mvuto tu, hafifu, labda mara mia chini yake. Ukiandika kwa penseli, tabaka zinateleza na kubaki kwenye karatasi. Hakuna kaboni iliyoachana na mwenzake kwa nguvu ya kidole cha mtoto anayeandika insha. Tofauti ya mvuto na kifungo ndiyo mada nzima, ndiyo miezi miwili ya Kidato cha Pili, ndiyo sababu ya mtu kupoteza sauti ubaoni, na hapa watu walikuwa wameichanganya kama wali na ndengu.

Lakini tusimpambe sana Madam Wakesho. Hakuwa akipigania kaboni peke yake. Rundo la shule yake, shule ya kutwa isiyo na maabara ila bomba moja la maji na vichomeo vinne visivyoona gesi tangu mwaka juzi, lilikuwa pale pale mezani, upande wa Kathini, maana sheria ilikataza mtu kusahihisha watoto wake mwenyewe. Sheria haikukataza macho. Wakesho alikuwa amekwisha kuliona jalada la juu, namba ya Rayhana, na jumla yake ya penseli. Sabini na tatu.

Waliopata sabini na tano kwenda juu wangepelekwa kambi ya sayansi Wundanyi mwezi Agosti, wiki mbili, kwenye maabara ya kweli. Rayhana alikuwa hajapata kushika bureti maishani mwake. Alikuwa ameichora, amepaka rangi mchoro wake, amekariri jinsi ya kuisoma, lakini hajaishika, na mwisho wa mwaka angewekwa mbele yake katika mtihani wa taifa pamoja na saa ya ukutani na msimamizi asiyecheka. Bila kambi, mtoto mwenye kichwa kama kile angeporomoka kwa sababu ya kifaa cha kioo. Kwa kambi, angeweza kuifikia ndoto yake ya kusomea famasi. Alama zilizomkosesha zilikuwa mbili. Swali la kumi na nne lilikuwa na tatu. Na Rayhana alilielewa somo hilo kuliko mtoto yeyote ambaye Wakesho aliwahi kumfundisha. Kwa hivyo, kwa skimu hii, angepewa sifuri kwa kuwa sahihi.

Wakesho aliinuka, akaichukua skimu kwa ncha za vidole kana kwamba inanuka, akaenda meza ya mbele.

Nicholas, mwenyekiti wa paneli, alikuwa mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Alimsikiliza hadi mwisho, na huo upole wake ulimkera Wakesho kuliko kama angemfokea.

"Madam, skimu ilipita jana," alisema.

"Ilipita wapi? Kichochoroni?"

"Ilipita hapa, mbele ya watu wote. Tulisoma swali kwa swali. Hakuna aliyepinga."

"Hakuna aliyepinga kwa sababu mlikuwa mnangoja chakula! Bwana Nicholas, nikuulize. Sonara pale mjini anayeyushia dhahabu kwenye chungu cha grafiti. Si umekiona? Kama vifungo vyake ni dhaifu hivyo, mbona dhahabu inayeyuka na chungu kinabaki? Mbona hatuvai bangili zenye masizi?"

Nicholas alivua miwani, akaipangusa kwa shati. "Hoja yako naisikia. Lakini skimu ni skimu. Tukianza kuibadilisha kila mtu akikasirika, hatutamaliza hii kazi. Tayari Kathini amesahihisha karatasi mia mbili tangu jana."

"Vibaya."

"Sawasawa na skimu," alisema Nicholas.

Hayo maneno yalimrudisha Wakesho kwenye kiti chake akiwa ameuma meno. Skimu ni skimu! Alikuwa amelisikia neno hilo tangu siku ya kwanza ya ualimu wake, likisemwa na watu wenye akili timamu, wazazi wa watoto, kana kwamba karatasi hiyo iliteremshwa kutoka mbinguni na haikuchapwa kwenye kompyuta za saiba na mtu mwenye njaa. Alivuta rundo la shule moja ya Taveta, akafungua karatasi ya kwanza, akasoma jibu, na mkono wake wenye kalamu nyekundu ukakataa kushuka.

"Ukisugua grafiti kwa kidole, weusi unaobaki kidoleni ni vifungo vilivyovunjika," mtoto alikuwa ameandika.

Akafungua ya pili. Weusi unaobaki kidoleni ni vifungo vilivyovunjika. Wa tatu alikuwa amekosea tahajia ya kidole lakini weusi ulikuwa umebaki. Ya nne, ya tano. Akaliacha rundo la Taveta akachukua la Mwatate, akakuta kidole kile kile na weusi ule ule.

"Kathini," alisema, "hawa watoto wameibiana? Shule ziko mbali hivi, wameibiana vipi?"

"Hawajaibiana. Ni noti hizo."

"Noti gani?"

"Noti za Rukanga." Kathini alishangaa, akaacha hata kutafuna. "Kwani wewe hunazo? Kila mtu anazo. Mimi nilizikuta Taveta nilipohamia idara ya kemia, zimekunjwa kabatini. Watoto wanazipenda, hazina maneno mengi. Hata hii skimu si Bwana Nicholas aliitoa humo?"

Kuna namna ya baridi inayoanzia nyuma ya shingo hata kama Voi kuna jua kali. Wakesho alihisi hiyo. Sentensi ile ilikuwa imemkaa vibaya masikioni tangu karatasi ya kwanza, na alikuwa amedhani ni kwa sababu ya upuzi wake. Sasa alijua sivyo. Aliifahamu kama mtu anavyofahamu sauti yake mwenyewe kwenye simu, kwa kuichukia.

Alirudi meza ya mbele, safari hii polepole.

"Nionyeshe hizo noti," alisema.

Nicholas alimtazama kidogo, kisha akafungua mkoba wake na kutoa karatasi zilizopigwa stepla, nakala ya nakala ya nakala, herufi zimefifia na kingo zimekuwa nyeusi. Alifungua tu ukurasa wa mwisho na kuuweka mbele yake. Chini kabisa, pembeni, palikuwa na maandishi ya mkono ambayo mashine zote hizo hazikuweza kuyafuta: W. Mwandawiro, Rukanga, 2012.

Wakesho alikuwa na miaka ishirini wakati huo. Alikuwa akingoja kwenda chuo kikuu, na shule ya Rukanga, pale chini ya mlima Kasigau, ilikuwa haina mwalimu wa kemia, basi wakamchukua yeye kwa kuwa alipata B. Baba yake, mzee Mwandawiro, alikuwa mchimbaji wa mawe ya kijani ya thamani. Wachimbaji wa huko wanajua kwamba palipo na lile jiwe jeusi lenye mafuta mafuta, la kijani haliko mbali. Ndiyo maana wanalifuata, na ndiyo maana wanarudi nyumbani weusi hadi viwiko. Mzee aliliita jiwe lisilojiweza. "Liguse tu, linakufia mkononi," alikuwa akisema, akiwapaka watoto wake puani kwa utani. Wakesho alilijua jiwe hilo kabla hajaijua kaboni. Kwa hivyo alipofika kwenye mada ya grafiti, hakufungua kitabu. Aliandika alichokiona kwa macho yake tangu utotoni, kwamba linakufia mkononi kwa sababu halina nguvu ndani. Watoto wa wachimbaji walielewa mara moja, kila mmoja alikuwa na kidole cha kushuhudia. Akaenda saiba ya Voi akachapisha, akatoa nakala thelathini, akajiona mwalimu.

Chuoni, mwaka wa kwanza, wiki ya tatu, alijifunza kwamba alikosea. Alikumbuka hata kiti alichokalia. Alicheka peke yake, akasahihisha daftari lake, na hakuwahi kufikiria zile nakala thelathini tena.

"Mimi mtu wa bayolojia, Madam," Nicholas alisema kwa sauti ya chini, ili meza nyingine zisisikie. "Kemia nilisukumiwa tu. Kwa hivyo nilipoambiwa nitunge swali la vifungo, nilimfuata mtu aliyejua. Sikutaka kukuaibisha. Ndiyo maana nikasema skimu ni skimu. Nikiibadilisha nitaulizwa niliitoa wapi, na nitasema. Chagua wewe."

Angeweza kunyamaza. Ni haki kusema kwamba alilifikiria hilo, kwa muda wa kuvuta pumzi mbili. Angekaa chini, aandike alama tatu tatu kwenye uongo wake mwenyewe, aende nyumbani. Lakini alimwona Rayhana, na jumla yake ya penseli, na kalamu nyekundu ya Kathini ikimwandikia sifuri. Hasira aliyokuwa nayo kwa watu thelathini ikageuka yote ikamwangukia yeye, na Wakesho hakuwa mtu wa kukaa na hasira tumboni.

Alipiga meza. Bwalo lote likageuka.

"Jamani, nisikilizeni," alisema. "Jibu la kumi na nne ni la uongo. Na huo uongo niliuandika mimi. Hizi noti za Rukanga mnazozipenda, mimi ndiye niliziandika, nikiwa sijui kitu, na jina langu liko nyuma. Baba yangu alirudi na mikono myeusi nikadhani nimeona vifungo vikivunjika. Ule weusi kidoleni haujavunjika hata kidogo! Ni tabaka nzima nzima, zimeteleza tu kwa sababu kati yao kuna mvuto usio na nguvu. Kifungo kiko ndani ya tabaka, na huwezi kukivunja kwa kidole hata usugue mpaka Krismasi. Naomba radhi. Naomba pia tubadilishe skimu."

Kwanza mtu alicheka, si kwa ubaya. Halafu minong'ono ikaanza, na minong'ono haikuwa juu ya kaboni. Ilikuwa juu ya karatasi. Mia mbili tayari! Zirudiwe zote? Jamaa mmoja wa meza ya tano, aliyekuwa amepanga kuondoka na treni ya saa kumi, na hakuna aliyeruhusiwa kutoka kabla karatasi hazijaisha, alisema waziwazi, "Umekosea wewe, tunaumia sisi," na wengine wakamuunga mkono kwa kugonga vikombe.

Nicholas aliinua mikono. "Basi tufanye hivi," alisema, na uso wake ukang'aa kwa jinsi alivyoona njia. "Tukubali majibu yote mawili. Aliyeandika vifungo dhaifu, mpe tatu. Aliyeandika tabaka zinateleza, mpe tatu. Hakuna mtoto atakayeumia, na hakuna karatasi itakayorudiwa."

Bwalo likapiga makofi. Kathini mwenyewe alipiga, njugu zikamwanguka.

"Hapana," alisema Wakesho.

"Madam, tafadhali..."

"Nimesema hapana! Utakubalije ndiyo na hapana kwa swali moja? Mtoto akisema Kasigau iko Voi na mwingine akisema iko Mombasa, wote tatu? Hawa watoto watapata hizi karatasi wiki ijayo, waone tiki nyekundu kwenye uongo, waubebe hivyo hivyo mpaka mtihani wa taifa. Miaka yote hii wameubeba kwa sababu yangu. Haubebwi tena! Kama mmechoka, leteni hapa, nitazirudia mimi peke yangu, zote. Lakini uongo haupati hata nusu alama."

Alisema kwa ukali hadi sauti ikamkatika. Watu walimtazama kwa lile jicho la kumwona mtu amejipandisha mahali ambapo kushuka kwake kutakuwa kugumu. Nicholas akachukua kalamu, akakata mstari mmoja juu ya jibu la zamani, akaandika jipya alivyotajiwa, akatia sahihi. "Vifungo vikali ndani ya tabaka, moja. Mvuto hafifu kati ya tabaka, moja. Tabaka huteleza, moja," alisoma kwa sauti iliyochoka. "Skimu ndiyo hiyo."

Jioni hiyo haikuonekana kama ushindi. Yule jamaa alikosa treni. Wakesho alizirudia karatasi za Taveta, za Mwatate, za shule ambazo hakuzijua hata jina, na kila alipokutana na kidole na weusi aliandika sifuri, na kila sifuri ilikuwa ya mtoto aliyekariri kwa uaminifu kile ambacho Wakesho mwenyewe alikitunga. Ziliendelea hivyo, sifuri juu ya sifuri. Katika karatasi mia tatu aliona majibu sahihi kumi na moja. Alianza kusahihisha amekunja uso, akamaliza siku akiwa hana hata nguvu ya kukunja uso. Kitu kimoja tu kilimshikilia: kwamba mahali fulani upande ule mwingine wa meza palikuwa na jibu moja ambalo alikuwa ameliokoa.

Jumatano, kabla ya chakula cha mchana, Kathini alifikia rundo la shule ya Wakesho. Wakesho alijifanya hatazami. Alisikia jalada la juu likifunuliwa, kurasa zikipinduliwa, halafu zikirudishwa nyuma tena.

"Madam," alisema mwishowe. "Hebu angalia."

Aliisukuma karatasi katikati ya meza. Ulikuwa mwandiko wa Rayhana, ule wa kulala upande wa kulia. "Grafiti imejengwa kwa tabaka kama mikeka ya plastiki iliyopangwa dukani," aliandika. "Kila mkeka umefumwa kwa vifungo vikali, huwezi kuuchana kwa mkono. Lakini mkeka na mkeka haishikani ila kwa mvuto mdogo, ukisukuma wa juu unateleza. Penseli inapoandika, mikeka inateleza na kubaki kwenye karatasi." Lilikuwa jibu zuri kuliko la skimu yenyewe. Wakesho angelifundisha hilo neno kwa neno.

Juu yake, kutoka mwanzo hadi mwisho, palikuwa na mstari uliopigwa kwa rula. Chini yake, kwa mwandiko ule ule, Rayhana alikuwa ameandika upya: Ukisugua grafiti kwa kidole, weusi unaobaki kidoleni ni vifungo vilivyovunjika.

Wakesho alisoma mara moja tu. Hakuhitaji zaidi. Kanuni ilijulikana kwa kila mtu mle ndani: jibu lililokatwa na kuandikwa jingine halisahihishwi, husahihishwa lile jingine. Kwa skimu ya Jumatatu, mtoto huyu angepata tatu, na sabini na sita, na Wundanyi. Kwa wazo la Nicholas lililopigiwa makofi, angepata tatu pia. Skimu moja tu ndiyo ingemnyima, na hiyo ilikuwa ya Wakesho.

"Huu mstari mwembamba," Kathini alinong'ona, akiwa amemwinamia. "Mimi na macho yangu haya, naweza kusema sijauona. Ni mtoto mmoja, Madam. Nani atauliza?"

Hakuna ambaye angeuliza. Nicholas alikuwa amesinzia kitini. Wakesho alitazama mikeka ile ikiwa imepigwa mstari, akatamani kulia, akatamani kuupiga ukuta, akatamani zaidi ya yote kurudi jana asubuhi anywe chai kama alivyoambiwa. Lakini alikwisha kuwapa watoto mia mbili na themanini sifuri kwa sentensi hiyo hiyo. Alikuwa amesema hata nusu alama.

"Umeuona," alisema. "Weka sifuri."

"Wewe!"

"Weka sifuri, Kathini, kabla sijabadilisha nia."

Kathini aliandika, na aliiandika ndogo kabisa pembeni.

Matokeo yangebandikwa Ijumaa. Wakesho hakutaka mtoto ayasome ukutani, kwa hivyo Alhamisi jioni alienda duka la Badawy, baba yake Rayhana, karibu na stendi. Alikuwa hajawahi kuingia humo. Ndani kulikuwa na miswala, mazulia, na mikeka ya plastiki ya kila rangi imepangwa rundo rundo hadi kiunoni. Badawy mwenyewe alikuwa ameenda msikitini. Rayhana alikuwa peke yake, akimpangia baba yake mikeka ambayo mteja alikuwa ameivuruga.

"Shikamoo, mwalimu. Karibu, starehe."

"Marahaba." Wakesho hakukaa. "Rayhana, umepata sabini na tatu."

Binti alisimama na mkeka mkononi. Alihesabu haraka, uso wake ulionyesha alipomaliza.

"La kumi na nne," alisema.

"La kumi na nne. Kwa nini ulilikata? Lile la kwanza lilikuwa sahihi. Kila neno."

"Niliogopa, mwalimu. Darasa zima walikuwa wamekariri zile noti wanazopeana, za Rukanga. Hata wa shule nyingine tuliokutana nao kwenye semina ya masomo, kanisani kwao, wote walikuwa nazo. Nikajiambia haiwezekani wote wakose, nipate mimi na mikeka ya babangu."

"Noti niliziandika mimi," Wakesho alisema, maana hapakuwa na njia nyingine ya kulisema ila kulisema. "Zamani, kabla sijajua. Na skimu ya kwanza ilikubali noti. Ungepata tatu. Mimi ndiye niliyewafanya waibadilishe. Nilidhani nakutetea wewe."

Rayhana hakulia, wala hakumkosea adabu. Aliulaza mkeka juu ya rundo, akausukuma kidogo ukae sawa na wenzake, na ulienda bila shida.

"Na ule mtihani wa Novemba, mwalimu," aliuliza, "skimu yake inaandikwa na nani?"

"Sijui."

"Sasa mimi niandike nini?"

"Andika unachokijua," alisema Wakesho, kwa ile sauti ya mwalimu iliyomtoka yenyewe. "Usiangalie noti, usiangalie darasa. Andika unachokijua."

Rayhana alimtazama kwa heshima zake zote.

"Hata siku ile nilikuwa nakijua, mwalimu," alisema.